Mbuzi akifa ghafla, tusimcheke anayelia

Ndugu msikilizaji, yapo maneno tunayoyatamka kila siku bila kuyapima uzito wake, na miongoni mwake ni haya: "Kwani kafa mtu? Si mbuzi tu!" Huambiwa mtoto aliyerudi kutoka shule akamkuta mbuzi wake amelala chini ya mwembe, miguu imenyooka. Huambiwa mama aliyeamka alfajiri kufungua banda akakuta kimya. Na mara nyingi maneno haya husemwa kwa nia njema. Tunataka mwenzetu afute machozi, anawe uso, ashike kazi yake.

Katika mazungumzo yetu ya leo nakusudia kuyapinga maneno hayo. Siyapingi kwa sababu ya huruma peke yake, ingawa huruma nayo ni jambo jema na siku hizi imeadimika. Nayapinga kwa sababu ni maneno ya hatari. Mtu anayeona aibu kumlilia mbuzi wake huficha kifo chake, na kifo kikishafichwa hakikai mahali pamoja. Hutoka, kikaenda kwa jirani, kikaenda mnadani, na pengine kikafika mezani kwako wewe uliye mbali kabisa na banda kilikoanzia.

Tuanze na huyo mbuzi mwenyewe. Hapa Likombe, kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, si wengi wenye makundi makubwa ya mifugo. Sisi si Wamasai wala si Wasukuma. Mtu wa huku ana mbuzi mmoja, wawili, akizidi sana watano. Wanafungwa kamba nyuma ya nyumba, wanapelekewa majani, jioni wanarudishwa. Mbuzi hao ndio benki ya mwenye nyumba. Mtoto akihitaji sare ya shule, mbuzi yupo. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya Ligula usiku, kesho yake mbuzi yupo. Arusi, hitima, akika, Krismasi, kote huko mbuzi yupo.

Lakini benki hii ina macho na ina sauti. Inakujua ukirudi. Na aghalabu anayekabidhiwa kuitunza ni mtoto. Ndiye anayekwenda kukata majani, ndiye anayehamisha kamba jua linapogeuka, ndiye anayempa mbuzi jina. Hatuna desturi ya kumwita mbuzi rafiki, na wala hatufugi mbuzi ili tumkumbatie. Hata hivyo mapenzi hayasubiri ruhusa ya desturi. Yanaingia kidogo kidogo, kwa mkono unaolisha.

Wapo watakaosema kwamba kumlilia mnyama ni mambo ya Kizungu. Ni kweli kwamba David Livingstone, aliyetua hapa Mikindani mwaka 1866 na kushika njia ya Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo na punda, aliandika kwa huzuni kuhusu kijibwa chake kiitwacho Chitane kilichozama majini Januari 1867. Lakini hatuna haja ya kwenda kwa Livingstone. Waislamu wa pwani hii wanaijua habari ya mtoto Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege akicheza naye. Kindege kile kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume akamsemesha kwa upole, akimuuliza habari za kindege chake. Hakumcheka. Wakristo nao wanaijua hadithi ambayo nabii Nathani alimsimulia Mfalme Daudi, ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyekula katika sahani yake na kulala kifuani pake kama binti yake. Tajiri alipomchukua mwanakondoo huyo akamchinjia mgeni, mfalme aliwaka hasira. Basi tusidanganyane. Wazee wetu wa msikitini na wa kanisani wamejua tangu zamani kwamba mnyama mmoja wa mtu mnyonge si kitu kidogo.

Ndugu msikilizaji, nitoe mfano wa nyumba moja hapa Likombe. Wenyewe sitawataja, maana ni majirani zangu na msiba ulikuwa wao. Nyumba hiyo ilikuwa na mbuzi jike aliyeitwa Chausiku, kwa sababu alizaliwa usiku, tena usiku wa mvua. Mama yake alikufa siku ya tatu baada ya kuzaa. Chausiku akalelewa na binti wa darasa la nne, kwa chupa ya soda iliyofungwa chuchu ya mpira. Mbuzi aliyelelewa namna hiyo hajui sana kwamba yeye ni mbuzi. Alikuwa akimsindikiza binti yule hadi njia panda ya shule, kisha anarudi mwenyewe. Ukikaa barazani alikuja kuegemea goti lako kama mtu mwenye shida ya kusema.

Jumamosi moja asubuhi alikutwa nyuma ya jiko amekufa, povu mdomoni, tumbo limevimba. Jioni iliyotangulia alikuwa mzima kabisa, anaruka.

Yaliyofuata nayajua kwa sababu nilikuwepo. Kabla jua halijawa kali, zilikwisha kusikika sauti tatu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja mfanyabiashara wa mishkaki. "Mama, mpitisheni kisu sasa hivi kabla hajakauka. Mimi natoa elfu thelathini, nampeleka mwenyewe." Elfu thelathini si haba kwa mama anayeuza vitumbua. Sauti ya pili ilikuwa ya chini chini, kwenye ukuta. Ilisema kwamba jana bibi mmoja wa nyumba ya tatu alipita, akamtazama Chausiku, akasema, "Huyu mbuzi amenawiri kwelikweli." Mnajua wenyewe maneno kama hayo yanavyogeuzwa mtu akipatwa na jambo. Sauti ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye haraka zake: "Mtupeni shimoni huko, mambo yaishe. Mbuzi huyu si mtu!"

Na hapo katikati alikuwepo binti, amepiga magoti, analia. Hakutaka mbuzi wake auzwe wala atupwe. Aliuliza jambo moja tu, akalirudia: "Amekufa na nini? Bibi, amekufa na nini?"

Bibi yake, mama mtu mzima ambaye hana kisomo kikubwa lakini ana akili ya kutosha, alisimama akasema, "Mjukuu wangu ameuliza swali. Kabla hamjafanya lolote, mjibuni." Kukawa kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo simu ikapigwa kwa afisa mifugo.

Afisa alifika kwa pikipiki. Kwanza hakumgusa mbuzi. Aliuliza alikula nini, alilala wapi, kama alikuwa anahara, kama kuna mwingine aliyeugua. Kisha akainama akatazama pua, mdomo na njia ya haja kama panatoka damu. Hapakuwa na damu. Akavaa glavu, akaomba watoto wasogezwe mbali, akafungua tumbo. Likakutwa limejaa majani ya muhogo. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na lundo la miti na majani ya muhogo mchungu, yamenyauka. Vijana wa nyumba hiyohiyo walikuwa wameng'oa muhogo siku mbili kabla, majani wakayarundika nyuma ya jiko. Usiku Chausiku alikata kamba. Waswahili husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kamba ikikatika, hula hata kifo chake.

Nieleze kidogo hapa, kwa maana jambo hili linatuhusu sana watu wa Kusini. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo ni ya jamii ya sianidi. Majani na maganda yanayo kwa wingi. Jani likipondeka, likitafunwa au likianza kunyauka, sumu hufunguka. Mnyama akiila kwa wingi kwa mara moja, mwili wake hushindwa kuitumia hewa anayoivuta. Atahema kwa nguvu, atayumba, ataanguka, na anaweza kufa kabla hujafika kwa mtaalamu. Ndiyo sababu mama zetu huponda kisamvu na kukichemsha kwa muda mrefu, na ndiyo sababu muhogo mchungu humenywa, hulowekwa na kuanikwa mpaka ukauke ndipo usagwe. Pale tunapofupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa au haraka, hatari hutugeukia sisi wenyewe. Mkoa huu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, maradhi yanayopooza miguu ya mtu ghafla, tena kwa maisha yake yote, kwa sababu ya kula muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa.

Basi tazama faida ya swali la mtoto. Lundo lile liliondolewa siku ile ile. Mbuzi wawili wa nyumba ya pili, ambao nao walikuwa wakizurura mahali pale, walipona. Nyama yenye mashaka haikwenda kwenye mkaa. Na yule bibi wa nyumba ya tatu, ambaye kosa lake lilikuwa kumsifu mbuzi wa watu, alisalimika na jina baya ambalo likishamkaa mzee katika mtaa haliondoki mpaka anaingia kaburini. Tumeona katika nchi yetu wazee wakipigwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wakati mwingine kwa kisa kisichozidi kifo cha mnyama. Kumbe mchawi wa siku ile alikuwa lundo la majani!

Yote hayo yalitokana na machozi. Kama binti yule angeambiwa, naye akakubali, kwamba ni mbuzi tu, basi swali lisingeulizwa. Methali yetu yasema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa akizuiwa kulia, hao wa mbali wataingilia wapi?

Sasa nirudi kwa yule kijana wa mishkaki, kwa maana wapo kama yeye wengi na wala si watu wabaya. Ni watafutaji. Lakini mnyama aliyekufa mwenyewe ni kibudu. Kwa Mwislamu kibudu ni haramu, na kisu kinachopitishwa shingoni mwa mzoga hakigeuzi kitu. Torati nayo imekataza kula mzoga. Na ukiacha dini, liko jambo la afya, ambalo halimuulizi mtu anasali wapi.

Yapo maradhi yanayomwua mbuzi ghafla na kumngoja binadamu kwenye kisu. La kwanza ni kimeta. Mnyama anaweza kuonekana mzima jioni na asubuhi akawa mzoga. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au kwenye njia ya haja. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kabisa, hauchunwi, hausogezwi ovyo. Ukiupasua, vijidudu vyake vikipata hewa hujivika gamba gumu na kukaa katika udongo kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka, vikingoja mnyama mwingine aje kula majani pale. Anayechuna hupata vidonda, na anayekula anaweza kupoteza maisha.

La pili ni homa ya Bonde la Ufa. Hiyo huja hasa baada ya mvua kubwa, huenezwa na mbu, na dalili yake kubwa ni mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja na vitoto kufa. Mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 uliwaua Watanzania zaidi ya 100. Wengi wanaopatwa na maradhi haya huyapata kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa.

Kwa hiyo wewe msikilizaji uliyeko mjini, usidhani mazungumzo haya ni ya wenye mabanda. Ule mshikaki wa jioni pale stendi ulitoka kwa mbuzi wa mtu. Kama mwenye mbuzi alionewa haya kwa kilio chake, akapewa elfu thelathini anyamaze, basi msiba ule umeuzwa, na mnunuzi ni wewe. Uliza nyama inatoka wapi. Uliza kama imekaguliwa na kupigwa muhuri.

Nitaje na ugonjwa wa tatu, ambao haumwambukizi binadamu lakini unamfilisi. Ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Mbuzi hupata homa, machozi na makamasi humtoka, mdomo hufanya vidonda, huhara, hukohoa, na wengi hufa ndani ya siku chache. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko Ivory Coast mwaka 1942. Nchini mwetu ulithibitishwa mwaka 2008, huko Ngorongoro. Ngorongoro ni mbali na Mtwara, mtu angesema hayo ni ya Wamasai. Haikupita muda, ukawa umefika Newala na Tandahimba. Ulifikaje? Watafiti walioufuatilia walieleza kwamba uliletwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 700 kutoka huku, kisha ukatembea kijiji hadi kijiji kwa kuchunga pamoja na kwa kuuziana mbuzi.

Kwa kuuziana mbuzi! Tafakari neno hilo. Mtu ana mbuzi watano, wawili wamekufa, watatu wamebaki wanakohoa. Hakuna anayempa pole, bali anachekwa. Hana wa kumweleza. Afanye nini? Huwapeleka mnadani asubuhi na mapema, akauza kwa bei yoyote. Anayenunua anarudi kwake amefurahi kwa bei nafuu, na katika kamba anayoivuta ameivuta hasara ya kijiji kizima. Kila kifo kilichofichwa ni mbegu ya vifo vingine. Ndivyo kinyaa cha kulia kinavyosafiri.

Na dawa ipo. Chanjo ya ugonjwa huu ipo, na mbuzi akichanjwa mara moja hukingwa kwa miaka kama mitatu. Mataifa yaliyokutana Abidjan mwaka 2015 yaliweka nia ya kuutokomeza duniani ifikapo mwaka 2030, kama ilivyotokomezwa sotoka ya ng'ombe, ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote. Mwezi Juni 2025 Serikali yetu ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na ugonjwa huu umo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa anaposhuku ugonjwa wa aina hiyo. Lakini sheria na chanjo hazina macho. Macho ni yule mtoto na yule mama. Wao ndio wanaoona wa kwanza. Wakinyamazishwa, Wizara itaona nini?

Basi mbuzi akifa ghafla, ndugu msikilizaji, tufanyeje?

Kwanza, mpe pole mwenye mbuzi. Neno moja tu, "Pole sana," halina gharama, nalo hufungua mdomo wa mtu akakueleza aliyoyaona.

Pili, msiguse kabla ya kutazama. Zuia mbwa, kuku na watoto. Damu ikiwa inatoka kwenye matundu ya mwili, msipasue mzoga kwa sababu yoyote ile. Mwiteni afisa mifugo wa kata au wa mtaa wenu. Yakihitajika maabara, tunayo bahati kwamba Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo chake hapa Mtwara, na afisa ndiye atakayejua cha kuchukua na namna ya kukichukua.

Tatu, zunguka nyumba. Tazama kama pana majani ya muhogo, chupa au maji ya dawa ya mikorosho, pumba zilizomwagika, mifuko ya plastiki. Mifuko ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini iliyozagaa ardhini haikusikia tangazo, na mbuzi akiimeza hukaa tumboni ikamwua polepole, nasi tukadhani amekufa ghafla. Tafuta sababu kwanza. Mchawi aachwe apumzike.

Nne, zika. Zika kwa kina cha kutosha, kiasi mtu mzima akisimama ndani asionekane, mbali na kisima, na chokaa ikipatikana imwagwe. Mtoto aliyemlea akitaka kuwepo, awepo kwa mbali afisa akiruhusu. Akitaka kuweka jiwe au jani juu ya udongo, mwache aweke. Hajafanya ibada ya mtu, ameaga tu.

Tano, mwambieni mtoto ukweli. Wapo wazazi ambao mbuzi akifa humficha usiku usiku, na mtoto akiuliza huambiwa, "Amekwenda shamba kwa babu." Mtoto husubiri. Siku akiupata ukweli kwa watoto wenzake, hupoteza mambo mawili kwa pamoja, mbuzi wake na imani yake kwa mzazi. Tena msimwambie kwamba amemwua yeye kwa kutofunga kamba vizuri. Methali isemayo msiba wa kujitakia hauna kilio isitumiwe kumpiga nayo mtoto wa miaka kumi. Mfundisheni kufunga kamba kesho. Leo mpeni maji anywe.

Sita, msikimbilie kumletea mwingine jioni ile ile kama mtu anayebadilisha betri ya redio. Mtoto mwenyewe atasema akiwa tayari. Ila kama katika banda amebaki mbuzi mmoja aliyezoea kulala na marehemu, huyo msimwache peke yake. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akibaki mmoja hulia, na wengine hukataa hata majani. Muwekeni karibu na wa jirani, baada ya kuhakikisha kwamba kilichoua si ugonjwa wa kuambukiza.

La mwisho, tuzungumze mfuko. Kwa mjane, mbuzi aliyekufa ni sare mbili za shule zilizokufa. Katika mikoa mingi watu wanaujua utaratibu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi. Unakopeshwa jike, akizaa unarudisha jike mwingine, naye anakwenda kwa mwenye shida mwingine. Utaratibu huu hauhitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Mtaa wenye nyumba arobaini na mbuzi sitini unaweza kuuendesha wenyewe, chini ya mwembe, kwa daftari moja na mzee mmoja mwaminifu. Mtu akijua kwamba akisema kweli atasaidiwa, atasema kweli. Akijua atachekwa, na hasara ibaki yake, atauza mzoga. Kwa hiyo tukitaka nyama salama mjini na mifugo salama vijijini, dawa mojawapo ni kumwezesha mwenye kufiwa na mbuzi asipate sababu ya kuficha.

Ndugu msikilizaji, taifa hujifunza kujali kwa kuanzia mahali padogo. Mtoto anayeruhusiwa kumhurumia mbuzi na kuuliza amekufa na nini, ndiye huyohuyo atakayekuwa mtu mzima, mama mjamzito akifa zahanati, au watoto watatu wakihara mtaa mmoja, naye asikubali kuambiwa ni mipango ya Mungu kabla hajauliza. Mungu ana mipango yake, hatubishani. Lakini ametupa na ulimi wa kuulizia.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tusingoje kilio kikubwa kitufichue, na hiki kidogo tumekisikia.

Nakutakia juma jema. Tukijaaliwa, tukutane tena wakati kama huu.